Wittelsbach: msiishie 1180

Wadogo zetu mnaoanza historia ya Ujerumani ya Zama za Kati, karibuni sana. Ila hili la kuandika “Otto alianzisha ukoo wa Wittelsbach, watawala wa Bavaria kusini mwa Ujerumani, 1180” kisha mnaweka nukta, likome. Kila kundi jipya linalirudia.

1. Tajeni cheo kabla ya jina. Otto alikuwa Pfalzgraf, mwakilishi wa mfalme ndani ya utemi wa Bavaria. Mwaka 1155, jeshi la Friedrich Barbarossa, mfalme wa Ujerumani, lilipozibiwa njia kwenye korongo la mto Adige karibu na Verona, ni yeye aliyelifungulia. Fadhila hiyo haikusahaulika.

2. Hapa ndipo mnapoteleza. Tarehe 16 Septemba 1180, huko Altenburg, Barbarossa alimkabidhi Otto utemi wa Bavaria aliomnyang'anya Heinrich der Löwe, mtemi aliyemtangulia. Alimkabidhi, hakumuuzia! Tena alimpa uliokatwa: Steiermark, eneo lililo Austria ya leo, ilikuwa imetengwa na kufanywa utemi wake yenyewe. Humo ndani walikuwemo makabaila kama wa Andechs na wa Bogen, waliokuwa na ngome na ardhi zao na wasioona sababu ya kumwinamia mtu aliyekuwa mwenzao juzi tu. Kisha Otto akafariki Julai 1183, hata miaka mitatu haijatimia, akimwacha mrithi, Ludwig, mtoto wa miaka tisa. Ukoo ungeweza kufia hapo. Haukufa kwa sababu mjane wake Agnes na ndugu za marehemu, akiwemo Konrad, askofu mkuu wa Mainz, walimshikia kijana nafasi yake. Baadaye koo pinzani zikakosa warithi: Bogen 1242, Andechs 1248, na sehemu kubwa ya mali zao ikaishia kwa Wittelsbach. Insha isiyomtaja Agnes haijaeleza kuanzishwa kwa ukoo huu, imeeleza sherehe ya siku moja.

3. Msimchoree Otto ngao ya vimraba vya mshazari, vyeupe na buluu. Hiyo ni ya Bogen. Ludwig alimwoa Ludmilla, mjane wa kabaila wa Bogen, 1204, na ngao ikafuata pamoja na urithi.

4. Kina Otto ni wengi, na namba zao hubadilika kufuatana na cheo. Andikeni mwaka wa kifo. Aliyemuua mfalme Philipp wa Ujerumani huko Bamberg 1208 ni mwana wa ndugu wa Otto wetu wa 1180, naye pia Otto. Kwa kosa hilo ngome ya Wittelsbach, karibu na Aichach, ilibomolewa. Ukoo wenyewe ukaendelea kutawala Bavaria hadi 1918.