Muulize Fundi: Balansi mara tatu, usukani bado unatetemeka

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, naishi Mbezi kwa Msuguri. Kila Jumamosi nakwenda Mlandizi kumwangalia mama. Mjini gari halina neno kabisa. Nikishaipita Kibaha, mshale ukigusa 90 usukani unaanza kutetemeka, kwenye 100 unatikisika mpaka saa ya mkononi inagongagonga, nikifika 115 unapoa. Nimefanya wili balansi (kusawazisha uzito wa tairi na rimu) mara tatu, sehemu mbili tofauti, na kila mara mashine inasoma sifuri. Fundi wa kwanza kabadili shokamzoba za mbele, wa pili kabadili tairodi endi, wa tatu anasema ni raki ya stelingi (chuma chenye meno kinachogeuza matairi ukizungusha usukani) na anataka laki nne na nusu. Matairi ni mapya, 185/65R15, niliyanunua Februari pamoja na rimu za spoti za mtumba pale Kariakoo, na mtetemo ulianza mwezi huohuo. Rimu zangu za chuma zimebaki mbili tu, maana mbili mke wangu kazigeuza majiko ya biashara yake. Je, ninunue raki? (Msomaji, Mbezi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Raki usinunue. Mwambie huyo fundi wa tatu mama anaumwa, pesa imekwenda Mlandizi.

Barua yako umeiandika kinyumenyume, kama wateja wangu wote wa Tabata. Jambo la maana umelipachika mwishoni, kabla tu ya majiko ya mkeo. Mteja akija na mtetemo, kabla sijashika spana namuuliza kitu kimoja: ulianza lini, na wiki hiyo gari lilifanyiwa nini? Wengi hunijibu "siku nyingi, fundi". Wewe hujaulizwa, lakini umejibu. Ulianza Februari, na Februari ulibadili rimu.

Tumalizane kwanza na raki. Raki iliyochoka haisubiri ufike Kibaha. Itagonga kwenye matuta ya mtaani kwako, usukani utacheza kabla tairi halijageuka, utaisikia hata kwenye 20. Kitu kinachokuja kwenye 90, kikapanda kwenye 100, kikapoa kwenye 115, hicho ni kitu kinachozunguka. Na kwa sababu unakisikia kwenye usukani, si kwenye kiti wala sakafuni, kianze kutafutwa mbele. Kingekuwa nyuma, usukani ungetulia na makalio ndiyo yangepata habari.

Hesabu yake ni hii. Tairi la saizi yako likizunguka mara moja linasogea karibu mita 2. Ukiwa kwenye 100, linazunguka mara 14 kila sekunde. Zikizidi gramu 30 tu upande mmoja wa rimu, kwa spidi hiyo zinaivuta habu (kitovu cha gari ambacho rimu hufungwa) kama mtu anayening'iniza kilo 4 na nusu, mara 14 kwa sekunde. Ukirudi kwenye 50, mvuto huo unashuka mpaka robo yake, kilo moja na ushee, na bushi (mipira ya maungio) zinaumeza kimya kimya. Ndiyo maana mjini gari "halina neno". Kupoa kwenye 115 nako si muujiza. Habu, tairi na springi yake vina mdundo wao wenyewe, kama bembea. Kwa magari mengi madogo mdundo huo ni kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Ukisukuma bembea kwa mdundo wake inapaa. Ukiuvuka mdundo, inagoma. Kwa hiyo usijitibu kwa kukimbia 115, ugonjwa upo palepale.

Sasa utaniuliza, mbona mashine ya balansi inasoma sifuri? Inasoma sifuri kwa sababu haisemi uongo, ila imeulizwa swali jingine. Mtazame kijana wa balansi akifunga rimu: anaichomeka kwenye shafti ya mashine, anasukumia koni ya chuma kwenye tundu la katikati, anakaza. Koni inaipeleka rimu katikati yenyewe, tundu liwe kubwa au dogo. Kwenye gari hakuna koni. Kuna mdomo wa habu, ule mviringo unaotokeza katikati, na kwenye IST yako kipenyo chake ni milimita 54.1. Rimu zako za chuma zilitobolewa kwa kipimo hichohicho, zinakaa kama kifuniko cha sufuria yake. Rimu za spoti hutengenezwa zienee magari mengi, kwa hiyo tundu huachwa kubwa, mara nyingi 67.1 au 73.1, halafu pengo huzibwa na pete ya plastiki au aluminiamu. Rimu ikiwa ya mtumba, pete hiyo ndiyo ya kwanza kupotea. Muuzaji haijui, mnunuzi hajawahi kuiona.

Bila pete, rimu inashikwa na nati nne peke yake. Nati zenye koni hujitahidi kuiweka katikati, na zikikazwa vizuri kwenye rimu isiyolika matundu huenda zikafanikiwa. Lakini wewe rimu ni mtumba, na nakuhakikishia zilikazwa tairi likiwa limeshagusa chini, moja baada ya nyingine, na kijana kasimama juu ya wili spana. Rimu na tairi kwa pamoja ni kama kilo 15. Zikikaa pembeni kwa nusu milimita tu, ni sawa na kubandika gramu 40 kwenye ukingo wa rimu. Mashine haiwezi kuliona hilo, maana kosa linazaliwa baada ya tairi kutoka kwenye mashine.

Fanya hivi nyumbani, hakuna haja ya kuja kwangu. Weka breki ya mkono, zuia matairi ya nyuma kwa mawe, legeza nati, piga jeki, toa tairi la mbele. Ligeuze, tazama mgongoni kwenye tundu la katikati. Ukiona pete imekaa na haijapasuka, sijapatia na tutaendelea. Ukiona tundu tupu, irudishe rimu kwenye habu bila nati na uitikise: kama inacheza juu chini, ugonjwa umeushika mkononi. Pima kipenyo cha tundu kwa kalipa, nenda maduka ya rimu uombe pete ya nje kipimo hicho na ndani 54.1. Wakikosa, mkereza vyuma wa mtaa wa Gerezani atakuchongea za aluminiamu huku unakunywa chai. Kabla ya kuzivalisha, sugua uso wa habu kwa brashi ya waya. Kutu na udongo mkavu unene wa karatasi ya daftari unatosha kuilaza rimu upande.

Kisha kaza nati kwa mkono tairi likiwa hewani, kwa mtindo wa msalaba, huku ukilizungusha kidogo kidogo. Shusha, malizia kwa tork spana (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwenye niutoni mita 103. Ukiendesha kilomita 50 au 100, zipitie tena.

Na hizo rimu mbili za chuma zilizonusurika jikoni, mshukuru mkeo kwa kuzibakiza, ni dhahabu. Kama bado una wasiwasi, peleka matairi yako ya mbele yavalishwe kwenye rimu hizo, yapigwe balansi, yafungwe mbele, uende nayo Mlandizi Jumamosi moja. Tairi lilelile, gari lilelile, kilichobadilika ni rimu tu. Usukani ukitulia, umemkamata mwizi bila kumlipa mpelelezi. Ukiendelea kutetemeka vilevile, lawama inahamia kwenye tairi lenyewe. Lipo tairi jipya ambalo si duara kamili, au nyuzi zake za ndani zimekatika likaota nundu. Balansi haimponyi huyo, maana uzito wake uko sawa ila umbo limepinda. Atazamwe akizunguka kwenye mashine, ncha ya bisibisi ikiwa karibu na kashata zake (vinundu vinavyogusa barabara): pengo likifungua na kufumba, mbadilishe. Zile rimu zilizokuwa majiko usizirudishe kwenye gari hata mkeo akizisugua ziwake. Chuma kilichopikiwa pilau ya watu mia hakina tena uaminifu.

Usije ukadhani nawacheka wale mafundi watatu. Mimi mwenyewe, masika moja, nilipokea Rav4 ya bwana mmoja wa Goba, inatetemeka kwenye 80. Nikabadili shafti moja, nikabadili beringi, nikamwita, akaijaribu, akarudi na sura ileile. Mwanafunzi wangu wa gereji, kijana wa miaka 16, alikuwa anaosha matairi tu kwa kukosa kazi. Akachokoa upande wa ndani wa rimu ya kulia, likadondoka bamba la udongo mwekundu limekauka kama kigae. Tulikwenda kulipima kwenye mzani wa sukari dukani kwa jirani: robo kilo. Bwana yule nilimrudishia nusu ya pesa. Nusu nyingine nilikuwa nimeshaila. Tangu siku hiyo hakuna gari lenye mtetemo linaloingia kwangu bila kwanza kuoshwa matairi ndani na nje, na nawe ukitoa tairi, chokoa.

SWALI: Fundi, fundi wa mtaani kwetu anasema gari langu linatetemeka kwa sababu linahitaji alaimenti. Balansi na alaimenti si kitu kimoja? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Si kimoja. Alaimenti ni mwelekeo wa matairi, ikiharibika gari linavuta upande au matairi yanalika upande mmoja. Balansi ni uzito wa tairi likizunguka. Alaimenti peke yake haileti mtetemo wa 100, ila baada ya muda mrefu inaweza kulila tairi vibaya mpaka litetemeke lenyewe. Na kama umewahi kumiminiwa dawa ya kuzuia pancha ndani ya tairi, sema mapema. Ile ni maji mazito, yakilala usiku yanakusanyika chini, asubuhi hakuna balansi itakayokubali.

SWALI: Habari fundi. Harrier yangu barabarani imetulia kama mkeka, lakini juzi natoka Iringa, nikishuka Kitonga, kila nikikanyaga breki usukani unapigapiga. Nikiachia, kimya. (Baba wa wawili, Ubungo)

JIBU: Ukikanyaga tu ndipo inapiga, basi tairi halina kesi, ni diski za mbele. Unene wake umekuwa haulingani, pengine kwa sababu nati zilikazwa ovyo diski ikakaa upande, pengine kwa moto. Tafuta unene wa chini ulioandikwa kwenye diski yenyewe, pembeni au kwenye kofia ya katikati, upime kwa maikromita. Ikiwa bado ina nyama, ikerezwe kwenye lathe, zote mbili pamoja. Ikiwa imefika mwisho, nunua jozi. Pedi kuukuu usizirudishie diski mpya.

Halafu, kuhusu Kitonga. Ule mlima hushukwi kwa mguu, unashukwa kwa gia. Weka L au 2 juu kabisa kabla hujaanza kushuka, breki iguse na kuachia. Ukifika chini ukasimama kununua vitunguu Ruaha Mbuyuni, usibaki umekanyaga breki huku unapatana bei. Diski bado inaunguza, pedi inajichapa hapohapo ilipobana, na chapa hiyo ndiyo utakayoisikia mpaka Ubungo. Weka P, achia mguu, ndipo ufungue dirisha.