Usisubiri tangazo la nafasi ya utafiti

Dada, umeuliza kama usubiri tangazo baada ya kumaliza uzamivu wa kemia ya maji pale chuo cha Nelson Mandela, Tengeru. Usisubiri. Nafasi nyingi hutokana na fedha za mradi wa profesa fulani, kwa hiyo mwandikie mwenyewe: aya tatu tu, utaje makala yake uliyoisoma na swali unalotaka kulichunguza. Madini ya floraidi katika maji ya Meru ni swali zito, tafadhali usilidharau kwa sababu umekua nalo! Wakfu wa Humboldt wa Ujerumani, unaofadhili watafiti kutoka nje, hupokea maombi mwaka mzima, ila usiwe umepitisha miaka 4 tangu upate uzamivu, na kwanza upate mtafiti wa kukupokea huko. Barua za kukupendekeza ziombe mapema. Wasimamizi wetu wanaelemewa.