Fundi Anajibu: Nyumba ya Magogo Kutoka Shamba la Marehemu Baba

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mufindi. Marehemu baba alituachia ekari moja na nusu ya paina aliyoipanda mwaka 2004. Madalali wa mbao wananifuata kila wiki, lakini mimi na mke wangu tumeamua kutowauzia. Tunataka kujenga nyumba yetu ya magogo, mita 8 kwa 6, yenye saruji kidogo na isiyoharibu mazingira. Nafasi ninayo likizo ya Desemba. Nataka niangushe miti wiki ya kwanza, na shule zikifunguliwa kuta ziwe zimefika kwenye kenchi. Jirani ananishauri nipake oili chafu ili mchwa wasile. Nianzie wapi, na miti mingapi itatosha? – Mwalimu, Ifwagi

JIBU: Marahaba mwalimu, na poleni sana kwa msiba wa mzee. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikwama kwenye neno Desemba, na hapo ndipo nitakapokaa muda mrefu, maana mengine yote uliyouliza yana marekebisho, hilo halina.

Mwaka 1997 nilimjengea mama yangu nyumba ya magogo karibu na Nyololo. Nilikuwa nimeshafanya kazi ya kupasua mbao miaka mingi, nikadhani paina haina jipya la kunifundisha. Miti niliiangusha mwishoni mwa Novemba, Januari nikapandisha kuta, magogo bado yanatoka utomvu. Watu walikuja kuitazama, na kweli ilipendeza. Agosti niliporudi kumsalimia, mlango wa jikoni haufunguki mpaka uusukume kwa bega. Kioo cha dirisha kimepasuka kona hadi kona. Na kati ya gogo la saba na la nane, pembeni mwa dirisha, nikaona kanga ya mama imekunjwa nyembamba na kusukumizwa ndani ya mwanya kwa ncha ya kisu, mstari mrefu wa mkono mzima. Nikamuuliza. Akasema, "Upepo tu, baba." Baridi ya huku unaijua. Alikuwa amelala na upepo ule Juni yote na Julai yote bila kuniambia.

Kilichotokea ni hiki. Gogo bichi la paina lina maji mengi, mara nyingi uzito wa maji unazidi uzito wa mti wenyewe. Linapokauka linasinyaa unene, lakini urefu wake karibu haubadiliki. Sasa ukuta wa magogo yaliyolala umejengwa kwa unene tupu, gogo juu ya gogo. Kila moja likipungua kidogo, ukuta mzima unashuka, na ukuta wa mita 2.6 uliojengwa kwa magogo mabichi unaweza kushuka zaidi ya sentimita 10. Fremu ya mlango na ya dirisha zimesimama wima, hazishuki. Basi magogo ya juu yananing'inia kwenye fremu, ya chini yanaendelea kushuka, na mwanya unafunguka katikati. Mama yangu hakuwa na kosa, wala paina haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeharakisha.

Kwa hiyo mwalimu, Desemba hii usiangushe hata mti mmoja. Likizo hiyo itumie kuchagua miti, kusogeza mawe ya msingi na kujenga banda la kukaushia. Banda hilo ni nguzo na bati tu, kuta za nini, upepo upite. Miti iangushe mvua zikikatika, Mei au mwanzoni mwa Juni. Hewa ya miezi ile ni kavu na baridi, ule ukungu wa bluu unaochafua paina mbichi haupati nafasi ya kuenea kama wakati wa mvua. Magome chubua siku ileile, yanatoka vizuri mti ukiwa mbichi, na chini ya gome ndiko bungua wanakotaga. Kisha magogo yapange juu ya vipande vya mbao, nusu mita kutoka ardhini, gogo lisigusane na lenzake.

Utajuaje yamekauka? Usiamini macho wala kugonga kwa kidole. Chukua gogo moja la kafara, ingia nusu mita kutoka mwisho, maana mwisho hukauka upesi ukakudanganya, halafu kata kisahani cha unene wa sentimita 3. Kipime kwenye mzani wa dukani. Tuseme gramu 840. Kikaushe kwenye oveni au juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo, bila kukiunguza, ukipima tena na tena hadi uzito uache kushuka. Tuseme kimebaki gramu 600. Yamepotea maji gramu 240, na 240 ukigawa kwa 600 unapata asilimia 40. Hapo bado. Ukifika asilimia 20 au chini yake, pandisha ukuta. Gogo nene la sentimita 25 halifiki huko kwa kiangazi kimoja. Hesabu mwaka mzima, pengine na zaidi. Najua ni muda mrefu kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba. Lakini miti hiyo imesimama tangu 2004.

Na hata baada ya mwaka acha nafasi. Juu ya fremu ya mlango wa mita 2 acha sentimita 8 tupu. Ijaze katani iliyochambuliwa, iache laini, usiishindilie. Funika kwa ubao uliopigiliwa kwenye gogo la juu peke yake, ili ushuke pamoja nalo. Fremu yenyewe usiipigilie misumari kwenye magogo. Chonga mfereji wima kwenye vichwa vya magogo yanayopakana na mlango, weka kipande cha mbao ndani yake, na fremu ishike hicho. Magogo yatateleza yenyewe. Nguzo za baraza nazo hazishuki, kwa hiyo ziwekee bolti nene ya kurekebisha chini yake, kama jeki, uwe unailegeza kila baada ya miezi michache.

Miti mingapi? Kuta za nje zina mita 28, ukiongeza ukuta mmoja wa ndani wa mita 6 unapata 34. Gogo la sentimita 25 likichongwa mfereji wa chini ili likae vizuri juu ya lenzake linakupa kimo cha sentimita 22 hivi, kwa hiyo unahitaji safu 12. Ni mita 408. Ongeza vichwa vinavyochomoza kwenye pembe, toa milango na madirisha, unarudi pale pale, mita 400 na kidogo. Mti wa umri huo ukikupa gogo moja lililonyooka la mita 8, unahitaji 50 na ushee. Chagua 65, maana mengine utayakuta yamejipinda. Vilele vitafaa kwenye kenchi. Kama baba alipanda kwa mita 3 kwa 3, kila ekari ilianza na miti 450 hivi. Kwa hiyo hutafyeka shamba. Utatoa mti huku na mti kule, na inayobaki itapata mwanga inenepe. Hiyo ndiyo sehemu ya mpango wako niliyoipenda kuliko zote.

Kabla ya chenso kuwaka, nenda kwa afisa misitu wa wilaya na ofisi ya kijiji. Miti ni yako, ila kuvuna na kusafirisha vina vibali vyake, na nyumba ina kibali chake cha ujenzi kutoka halmashauri. Kama shamba linashuka hadi mtoni, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo. Huko usijenge.

Oili chafu hapana. Mwambie jirani nimemheshimu, ila hapana. Ile oili imebeba vyuma vilivyosagika kwenye injini, haizami ndani ya mti, inasaidia moto, na mvua inaiosha hadi kwenye kisima chako. Na ukishapaka, hakuna rangi wala dawa nyingine itakayoshika. Tumia boraksi na asidi ya boriki, ulizia kwenye maduka ya kemikali, na vipimo fuata vya kwenye mfuko. Uzuri wake inapenda mti mbichi: unapaka mara tu baada ya kuchubua, unafunika kwa turubai wiki kadhaa, na dawa inasafiri ndani ikifuata maji yaliyomo kwenye gogo. Ndipo unafunua na kuanza kukausha. Vaa glavu, na watoto wakae mbali. Ubaya wake ni mmoja, maji ya mvua yanaitoa.

Ndiyo maana nyumba ya magogo inaokolewa na vitu viwili visivyo magogo: msingi na upenu. Msingi wa mawe uinue sentimita 60 juu ya ardhi. Juu ya mawe laza bati jembamba, kingo zake zikunjwe kuelekea chini pande zote mbili. Bati hilo haliui mchwa. Linawalazimisha kujenga njia yao ya udongo kwa nje, ambako utaiona na kuibomoa. Ukuta usipakane na ua wala kuni. Upenu utoe sentimita 90 nje ya ukuta. Watu wanabana upenu kwa kuokoa bati mbili, kisha wanashangaa magogo ya chini yanaoza. Vikato vya kwenye pembe, magogo yanapopishana, navyo vichonge upande wa chini wa gogo la juu, kamwe si upande wa juu wa gogo la chini, maana huo utakuwa bakuli la mvua.

Ulisema pia unataka nyumba isiyoharibu mazingira. Ukuta wa magogo unakula mti mwingi, wewe utatumia karibu meta za ujazo 20, na sitakuficha hilo. Lakini angalia matanuri ya tofali yanayowaka huku kwetu kila kiangazi. Kuni zake zinaishia kuwa moshi. Nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, na kwenye ukuta wako kaboni hiyo inakaa imetulia kwa muda wote nyumba itakaposimama. Ila hesabu hiyo inakubali kwa sharti moja: miche ipandwe. Ipande msimu huuhuu wa mvua, kabla hujakata, mahali palipo wazi.

SWALI: Fundi, sisi tuko Makete, maji ya kwenye beseni huganda usiku wa Julai. Nyumba ya magogo itatufaa, au moto wa jikoni utaichoma? – Mama wa watoto wanne

JIBU: Dada yangu, kwa baridi yenu sijui ukuta mzuri kuliko huo. Gogo la sentimita 20 linazuia joto kutoka mara tano hivi kuliko tofali la kuchoma la unene uleule. Lakini joto linapanda juu, kwa hiyo bila dari mtakuwa mnaota moto kwa ajili ya bati. Anza na dari, ndipo uzibe mianya kwa katani.

Moto ni hofu ya haki. Gogo nene haliwaki kirahisi kama fito, huungua taratibu kutoka nje. Hatari iko kwenye bomba la moshi linapopita darini. Jikoni jenga kwa tofali, sakafu na ukuta wa nyuma ya jiko pia. Bomba lisiguse mti popote, acha nafasi pana pande zote na uizungushie bati. Masizi yasugue kabla ya kila msimu wa baridi. Na jiko la tofali lisifungwe kwenye ukuta wa magogo, kwa sababu ukuta utashuka na tofali halishuki.

SWALI: Huku Rungwe nina milingoti (mikaratusi) minene kuliko paina. Naweza kuijengea kuta? – Kijana wa Kiwira

JIBU: Mlingoti ni mgumu, lakini una mvutano mkali ndani yake. Ukiuangusha unapasuka vichwani wakati mwingine ukiwa bado unautazama, na ukikauka unajipinda. Kwa ukuta wa gogo juu ya gogo utakusumbua. Utumie kwenye nguzo na kenchi, na ukuta uuzibe kwa mbao. Nguzo zinazoingia ardhini nunua zilizotiwa dawa kiwandani, kama zile za umeme zenye rangi ya kijani. Mabaki yake usiyachome jikoni hata kipande, dawa ile ina aseniki. Rungwe mvua yenu sehemu nyingine inapita milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo upenu wako uwe mita nzima na zaidi. Na kama milingoti hiyo iko kwenye chanzo cha maji, ikishatoka usirudishie mingine. Panda miti ya asili.