Anayetunzwa ni mtenda au mtendwa tu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Namuuguza mama yangu mwenye dimenshia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri), na wakati huohuo nasomea uuguzi. Kwenye kozi ya maadili tunafundishwa kwamba nafsi ya kimaadili ni mtu anayeweza kufikiri na kujiamulia. Mama hawezi tena kueleza sababu ya jambo lolote. Je, kinadharia bado ni nafsi, au amebaki mpokeaji wa huduma tu? Na mimi niliyeacha yangu yote, huku ndugu zangu wakisema "wewe ndiye uliyesomea", nadharia inaniweka wapi?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza.

Ulichofundishwa kinatokana na mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, ambaye mwaka 1785 aliuweka utu wa mtu kwenye uwezo wa kujitungia sheria ya kimaadili kwa akili yake mwenyewe. Si hoja ya kubeza. Fikra za namna hiyo ndizo zinazomzuia daktari kumpasua mgonjwa bila ridhaa. Tatizo ni mtu anayechukuliwa kuwa kipimo: mzima, asiyemtegemea yeyote. Utoto, maradhi na uzee vinasukumwa pembeni kama kasoro, ilhali hakuna aliyefikia hiyo akili timamu bila kubebwa na kulishwa.

Kuna mkondo mwingine wa falsafa, maadili ya utunzaji, ambao huanzia kwenye uhusiano kati ya anayetunza na anayetunzwa. Mwanafalsafa Nel Noddings alidai mwaka 1984 kwamba utunzaji haujakamilika mpaka anayetunzwa aupokee kwa namna fulani. Maana yake mama yako ana sehemu katika tendo lenyewe.

Chukua kijiko unachomlishia. Unakifikisha mdomoni, anafumba midomo na kugeuza uso. Mhudumu mwenye haraka ataandika "anakataa kula". Lakini huenda chakula kina moto, huenda kumeza kunamuuma, huenda ameshiba, au hapendi mkono unaotokea nyuma ya bega lake bila kumwona mwenye mkono. Keti mbele yake, usawa wa macho, ngoja ameze kwanza ndipo ulete kingine. Utaona uso uleule ukikujibu. Joan Tronto, mtaalamu wa nadharia ya siasa, mwaka 1993 alitaja nguzo nne za utunzaji: kuliona hitaji, kubeba wajibu, kuwa na umahiri, na kuzingatia mwitikio wa anayetunzwa. Wakufunzi wengi huikazia ya tatu na kuipitia ya nne kwa kasi, nami naona hiyo ya nne ndiyo inayojibu swali lako. Anayeitikia si mtendwa mtupu.

Ugumu unakuja pale alichotaka zamani kinapogongana na anachotaka leo. Mwanafalsafa wa sheria Ronald Dworkin alitetea mwaka 1993 kwamba uamuzi aliouweka mtu akiwa na akili timamu ndio ufuatwe. Mwanafalsafa Agnieszka Jaworska akampinga mwaka 1999: kumbukumbu zinaweza kupotea, uwezo wa kuthamini jambo ukabaki. Mgonjwa anayeona aibu akivuliwa nguo mbele ya watu, au anayeng'ang'ania kusaidia kazi, bado ana yaliyo na thamani kwake. Mimi niko upande wa Jaworska, ila kwa mpaka: mama akikataa dawa asiyojua ni ya nini, kukataa kwake kunakudai utafute njia nyingine ya kumpa au uzungumze na daktari, hakufungi mjadala.

Na asiyeitikia kabisa, kama aliyepoteza fahamu? Hapo kigezo cha mwitikio hakitoshi. Eva Feder Kittay, mwanafalsafa aliyemlea binti mwenye ulemavu mkubwa wa akili, aliandika mwaka 1999 kwamba usawa wetu unasimama juu ya jambo moja: kila mmoja ni mtoto wa mama fulani. Kwake, thamani ya mtu haisubiri mtihani wa uwezo.

Kittay huyohuyo ndiye anayekugusa wewe. Alisisitiza kwamba anayembeba mwenzake naye anahitaji wa kumbeba, na jukumu hilo ni la jamii, si hisani. Mwanasaikolojia Carol Gilligan naye, mwaka 1982, aliona kwamba kujifuta kwa ajili ya wengine si kilele cha ukuaji wa kimaadili. Aliyekomaa hujihesabu miongoni mwa wanaostahili kutunzwa. Kwa hiyo sitakusifu kwa kuacha yako yote. Aliyekesha mfululizo hawezi kuusoma uso wa mgonjwa. Wewe umesomea kulisha kwa usalama na kugeuza mgonjwa kitandani. Kukesha hakusomewi, na ndugu zako wanaweza kupangiwa zamu kuanzia wiki hii.