Maswali ya Wasomaji: Tasnifu ya Sheria Linganishi

SWALI: Ninasoma uzamili wa sheria London. Msimamizi amenirudishia pendekezo langu, "Wakfu nchini Kenya na India", akisema ni maelezo matupu. Kasoro iko wapi?

JIBU: Tunakisia umepanga sura ya Kenya, kisha ya India, kisha ya "tofauti na mfanano". Mpango huo huchosha, kwa sababu hadi sura ya tatu hakuna kilicholinganishwa.

Anza na tatizo, ulitamke bila istilahi ya upande wowote: mtu afanyeje ili mali yake isiuzwe, bali inufaishe uzao wake kizazi hadi kizazi? Kisha tafuta mahali ambapo njia zinaachana. Kwenye mada yako pako wazi. Mwaka 1894, katika kesi ya Abul Fata kutoka India, Privy Council, mahakama ya juu ya rufani ya makoloni ya Uingereza iliyoko London, ilibatilisha wakfu wa familia kwa kuwa fungu la maskini lilisubiri hadi ukoo uishe. India ikatunga sheria mwaka 1913 kuzihalalisha wakfu za aina hiyo. Lakini katika rufani ya Bakhshuwen kutoka Kenya, iliyochapishwa kwenye ripoti za 1952, Privy Council ileile iliifuata tena Abul Fata. Kwa nini kanuni iliyokwisha kukataliwa ilikotoka iliendelea kuishi kwingine? Hilo ndilo swali la tasnifu. Yasiyosaidia kulijibu, yaondoe, hata kama umeyasoma kwa jasho.

Taja pia madhehebu mapema. Kesi nyingi za India zinahusu Wahanafi; Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki wengi wao ni Washafii. Mtahini hatakusamehe ukiandika "sheria ya Kiislamu inasema" na kuishia hapo.

SWALI: Ni lazima nijue Kiarabu?

JIBU: Ukichambua hukumu za mahakama za kikoloni, la. Majaji wale wenyewe walitegemea tafsiri, na hapo ndipo penye utamu. Hedaya ya Charles Hamilton (1791), kitabu cha Kihanafi, ilitafsiriwa kutoka Kiajemi. Minhaj ya Kishafii iliyotolewa kwa Kiingereza na Howard mwaka 1914 ilipitia Kifaransa. Basi ukinukuu tafsiri hizi, zinukuu kama ushahidi wa kile jaji alichosoma. Hoja yako ikisimama juu ya maana ya ibara ya fiqhi (elimu ya sheria ya Kiislamu) yenyewe, Kiarabu hakikwepeki, au badilisha hoja.

SWALI: Kwa sheria za kimila za Kenya, vitabu vya mwanasheria Eugene Cotran vinatosha?

JIBU: Peke yake, hapana. Kile cha ndoa na talaka (1968) na kile cha urithi (1969) vilitokana na mabaraza ya wazee waliohojiwa kuhusu kanuni zao. Vinaonyesha kanuni jinsi ilivyoelezwa wakati ule. Havionyeshi watu walivyoizunguka walipogombana. Weka kando yake majalada ya mahakama au utafiti wa nyanjani, na kila kanuni uipe mwaka wake.

SWALI: Nitenge muda gani?

JIBU: Uzamili Uingereza kwa kawaida ni krediti 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi. Tasnifu ya krediti 60 ni saa 600. Majalada ya kumbukumbu hula saa nyingi kuliko uandishi, hivyo omba ruhusa ya kuyaona kabla pendekezo halijapitishwa.