Jibu: Mzee wangu kastaafu, anashinda barazani tu

Mkuu umesema mzee wako tangu astaafu bandari anashinda barazani na anasema kazi yake duniani imeisha, aisee imenigusa sana maana mimi nilistaafu ualimu na 60 yangu hapahapa Tanga, mwezi wa kwanza raha, wa tatu naamka alfajiri navaa viatu halafu sina pa kwenda.

Kilichoniinua ni jumuiya ya kanisani. Mama mmoja akaniomba nimsindikize hospitali ya Bombo kuona wagonjwa, tukabeba uji na sabuni, nikamkuta kijana wa Pangani hana ndugu hata mmoja pale wodini, nikakaa nae tukaongea tukasali, jioni narudi Chumbageni najiona mtu tena. Sasa kila Alhamisi naenda, na Jumamosi nafundisha hesabu watoto wa darasa la saba pale kanisani, bure kabisa.

Musa alisimama mbele ya Farao ana miaka 80, iko Kutoka 7:7. Ila usimhubirie mzee, atachukia tu. Ongea na padri au mchungaji wake amwombe kazi moja ndogo yenye siku yake, mtu wa bandari anajua kuhesabu mizigo, wampe hata stoo ya kanisa. Msalimie sana, akitaka Alhamisi hii nampitia.