Usiipige Pasi: Niliyojifunza kwa Noti Kuukuu za Marekani

Nilipokuwa Dar, dola kuukuu ilikuwa balaa. Unaingia duka la kubadilisha fedha na noti ya mia ya kichwa kidogo, au yenye kunjo lililopauka katikati, na dada wa dirishani anakurudishia bila hata kuinua macho. Ndiyo maana nilipohamia Ohio na kumkuta mzee mmoja kwenye maonyesho ya sarafu akiuza noti ya dola moja ya 1899 kwa zaidi ya dola mia, nilidhani ananitania. Leo ni mimi ninayesumbua watu kwa habari hizi.

Somo la kwanza lilinigharimu dola 1,400. Ilikuwa noti ya dola tano ya 1899, ile yenye sura ya Running Antelope, kiongozi wa Wahunkpapa wa taifa la Lakota, na muhuri wa buluu pembeni. Muuzaji aliniapia kwamba haikuzunguka sana. Na kweli, ilikuwa imenyooka kama shati la Idi, karatasi nyeupe pe. Nikaipeleka kwa wapimaji nikitegemea daraja la 45. Ikarudi na 25, na maelezo kwamba ilishaoshwa na kukandamizwa. Huyo muuzaji sijamwona tena.

Madaraja yenyewe si uchawi. Kipimo ni cha 1 mpaka 70, kimeazimwa kwa watu wa sarafu. Kuanzia 60 kwenda juu ni noti ambayo haikutumika kabisa. Kati ya 50 na 58 inaruhusiwa kunjo moja jepesi hivi. 40 mpaka 45, makunjo mawili matatu mepesi. 20 mpaka 35 makunjo ni mengi lakini karatasi bado ina ukakamavu. Ikifika 12 au 15 imelegea kama kitambaa. Chini ya hapo pembe zimeviringika, na katikati pametoboka tundu dogo, maana mwenyewe aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaikunjua, akaikunja tena, miaka nenda rudi. Kampuni za upimaji kama PMG huongeza herufi EPQ kwa noti ambayo karatasi yake haijachezewa. Mimi siku hizi naziangalia herufi hizo kabla ya namba.

Kuchezewa utakujuaje? Zima taa ya darini. Ilaze noti mezani, washa taa ya mezani na uishushe karibu kabisa na meza ili mwanga uje kwa ubavuni. Kunjo lililopigwa pasi halionekani ukiitazama noti kwa juu, ila kwa ubavuni utaona kistari chembamba ambapo wino umekatika. Kisha igeuze. Noti hizi zilichapwa kwa bamba lililochongwa, kwa nguvu kubwa, hivyo wino umesimama kidogo na mgongo wa karatasi una alama za kusukumwa. Pasi huzilaza zote. Ile yangu ilikuwa laini kama ukurasa wa gazeti, na mimi nilikuwa nausifu ulaini huo!

Kuosha ni kama kanga. Kanga mpya ina dondo, inasimama yenyewe. Ukiifua mara moja dondo limekwenda na halirudi, hata uipige pasi vipi. Noti iliyooshwa ni hivyo hivyo: nyeupe kuliko umri wake, lakini imelegea, na namba za mfululizo zimefifia.

Mwisho iinue mbele ya balbu uhesabu matundu ya pini. Zamani watu walibana noti kwa pini, kwa hiyo usishtuke ukiyakuta, ila yahesabu kwenye bei. Chukua na rula: noti kubwa za kabla ya 1929 zina urefu wa milimita 189 hivi kwa 79. Ikipungua, kuna mtu amekata kingo zilizochakaa ili ionekane nadhifu.

Sasa, ndugu zangu, ukipata noti chafu iache na uchafu wake. Usifute, usigundishe palipochanika. Na huu ugonjwa wetu wa kulamineti kila cheti, tafadhali, usiulete huku. Nunua mfuko wa Mylar, ile plastiki angavu ya polyester. Plastiki ya PVC huharibu karatasi taratibu.

Kitu kingine kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba ukuukuu peke yake haufanyi noti kuwa adimu. Kati ya 1863 na 1935, zaidi ya benki elfu 12 za Marekani zilitoa noti zenye majina yao, kwa dhamana ya hati za mkopo wa serikali. Noti mbili za mwaka mmoja na picha ileile zinaweza kuachana bei mara kumi, kwa sababu moja ni ya benki kubwa ya New York na nyingine ni ya kibenki cha kijijini ambacho noti zake zilizobaki zinahesabika kwa vidole. Hapo daraja la 8 unalichukua huku unacheka. Ninayo moja ya mji mdogo wa hapa Ohio, imechakaa vibaya, ina matundu sita, lakini saini ya keshia wa benki hiyo bado inasomeka kwa wino wa kalamu uliogeuka kahawia. Mkono wake ulitetemeka kwenye herufi ya mwisho.

Kutoka nyumbani napokea picha kwenye WhatsApp: “Kaka, mzee huku ana dola elfu moja ya mwaka 1840, tutajirike.” Huwa nauliza namba ya mfululizo kwanza. Ikiwa ni 8894, ya Bank of the United States, basi ni nakala ya ukumbusho iliyochapwa kwa wingi kwenye karatasi ya njano inayokwaruza, na thamani yake haifiki hata nauli ya kumfuata huyo mzee. Akinitajia namba nyingine, namwambia asubiri usiku aipige picha upya, taa ikiwa pembeni.